Taa Inayowaka Kwenye Kona

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Vumbi la machimboni limekuacha salama? Huku wazima, ila goti la Mama linalalamika kila asubuhi.

Naandika kwa sababu ya kile kigari mlichoanza kuunda wewe na Baba. Kimekamilika! Ile injini ya pikipiki imekaa nyuma ya viti viwili. Majirani wanakiita kikapu. Kinawaka, lakini ukikanyaga mafuta kinakohoa na kulipuka kama baruti. Jumamosi ya tarehe 22 Baba ameahidi kukipandisha barabara ya mlimani, mbele ya mafundi wenzake. Walipokwenda kula nilichomoa plagi: ni nyeupe kama chaki. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kimya

9 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, simu tu ndiyo haishiki huku. Mama mpe pole ya goti.

Plagi nyeupe maana yake injini inanyimwa petroli. Tulitoa sanduku la chujio la hewa ili injini ienee, kwa hiyo inavuta hewa nyingi mno. Fungua kabureta, toa jeti ndogo, vile vijitundu vya kupitishia petroli, weka zile kubwa zilizo kwenye kopo chini ya meza. Endesha, zima, chomoa, tazama. Ikiwa nyeusi, umezidisha. Unatafuta kahawia. Na usingoje watu waende kula ndipo ushike spana, hata kama tunakuita Kimya!

Kaka yako

16 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Goti la Mama limepoa. Plagi sasa ni kahawia na injini inanguruma bila kukohoa. Baba alinipigapiga begani mbele ya watu, nikabaki kutazama viatu vyangu.

Lakini kuna jambo jingine. Kwa kuwa kina nguvu, Baba anakata kona kwa kasi, na kwenye kila kona taa nyekundu ya oili inawaka. Barabara ikinyooka, inazimika. Oili nimeipima, imejaa. Nikasema, "Baba, taa inawaka." Rafiki yake, fundi rangi, akacheka: "Binti, taa yako ni ya jikoni!" Baba akasema waya umelegea. Nikangoja tena waende kula. Waya nimeukagua, haujalegea.

Mimi ndiye niliyekipa nguvu, Kaka. Kikimuumiza je? Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Kimya

20 Machi

Kimya,

Salamu baadaye. Si waya! Pikipiki hulala kwenye kona, oili ikabaki chini kwenye bakuli lake. Gari halilali. Oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Injini ikikauka itakwama, magurudumu ya nyuma yatajifunga papo hapo, na mlima ule una korongo. Bakuli linataka vibati ndani vya kuizuia oili. Kwa Baba, kuchomelea vibati si kazi ngumu. Mwambie asiende. Akifoka, afoke, heri nusu shari kuliko shari kamili. Lori la mizigo linalobeba barua hii linaondoka leo, Mungu alifikishe.

Kaka yako

25 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sote tu hai, nakwambia hilo kwanza. Barua yako ilifika jana, Jumatatu. Mlima tulishaupanda.

Nasema tuliupanda, maana nilijipakia kiti cha pili kabla Baba hajavaa helmeti. Fundi rangi akauliza, "Wewe nawe wapi?" Nikasema, "Kutazama taa."

Kona ya kwanza iliwaka, ikazimika. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu ni ile ndefu juu ya korongo. Iliwaka ikabaki imewaka, na chini ya mngurumo nikasikia kitu kinagonga, kama kijiko ndani ya kikombe. Masikio ya Baba yameliwa na kazi, hakusikia. Kaka, nilipiga kelele: "Baba, zima!"

Akakanyaga klachi, akazima. Tukajikokota hadi kando ya barabara. Akanitazama kama mgeni. "Hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi?" Nikaanza kulia.

Tulikisukuma kurudi, watu wote wakitazama. Fundi rangi alicheka peke yake.

Jana Baba alisoma barua yako, akairudia, akafungua bakuli. Alichomelea vibati, nami nikimmulikia. Leo akawasha injini, akasimama kando.

"Sikiliza wewe. Inasemaje?"

"Bado inagonga, Baba."

Akazima, akachukua spana, akaanza kufungua tena. Hakuniuliza mara ya pili.

Mdogo wako