Jina la Tito Halikusomwa

Kijijini Yakobi, Jumapili jioni

Kosa la watu wengi wanaokodi boti ni kuhesabu vitanda kwanza, watu baadaye. Binti yangu Neema amekodi katamarani ya injini kwa likizo ya familia kule Mediterania, yaani boti pana yenye miili miwili iliyounganishwa, isiyoyumba sana. Ina vitanda vinane. Leo alinipigia kutoka Ujerumani kunisomea majina: yeye, mumewe, watoto wao watatu, wakwe zake wawili na mimi.

Masikio yangu yamechoka, kwa hiyo simu ilikuwa kwenye spika. Kaka yake, Tito, aliyetoka Makambako kuniletea mafuta ya alizeti, alikuwa amekaa hapo hapo.

"Na Tito?" niliuliza.

"Baba jamani, Tito hata kuogelea hajui!"

"Kwani mimi najua?"

Neema akacheka. Tito naye akacheka. "Nenda tu, Baba. Ng'ombe wako nao hawajui kuogelea, nitabaki nao." Kisha akaondoka bila kumaliza chai.

Huyu ndiye aliyeacha chuo cha ufundi amuuguze mama yao miaka miwili, Neema akiendelea na masomo nje. Nilipaswa kulisema hilo pale pale, Tito akisikia. Badala yake niliuliza habari za hali ya hewa. Hali ya hewa! Tangu mama yao afariki sijawahi kuumia hivi, na safari hii aliyeumiza ni mimi pia...

Basi najiambia mwenyewe: mpigie Neema leo hii, umwambie afute jina lako, aandike la Tito.