Bomba la shaba la jikoni kwa mama mkwe

Alhamisi. Mvua imepiga tangu alfajiri, na mimi nimelowa mara mbili: kwanza kwa mvua, pili kwa ujinga wangu mwenyewe.

Daftari, leo sina utani mwingi. Kidogo tu.

Mama mkwe wangu hapa Kigera anataka maji jikoni. Bomba la uani analo, lakini alipikaga miaka mingi kwa masista, akaona mabomba yao ya shaba, basi ya chuma hataki hata kuyasikia. Anasema yanatoa maji mekundu kama chai. Ni kweli. Sasa ameshawaalika wamama wa kanisani, Jumapili waje waone maji yakitoka ndani. Na fundi ni nani? Mimi. Nilioa mwaka jana tu, shemeji zangu bado wananiangaliaga kama ng'ombe wa mnadani.

Shida ni moja. Kwetu mwanaume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hata mkikutana njiani, unakata kona. Sasa fundi gani anaweka bomba mahali asipoingia?

Jumatatu nilikwenda Bunda kutafuta shaba. Enzi zile za foleni, hata kwa msumari mmoja ulikuwa unaandikisha jina. Sasa maduka yamefunguka, vitu vinavuka mpaka wa Sirari kila siku, na mimi nimepata shida mpya: kuchagua. Zamani hatukuwagi na kuchagua.

Hamadi mwenye duka la vifaa alinitolea aina mbili. Moja imenyooka kama fimbo, nene, ukiigonga inalia. Hiyo kila kona inataka elbo, kile kiungo cha kupinda, na kulehemu. Ya pili imezungushwa kama nyoka amelala, laini, unaikunja kwa goti.

"Hii nyembamba ni ya friji, fundi," akaniambia. "Ya maji ni ile nene."

"Hamadi, wewe uza. Bomba ni bomba."

"Haya. Likipasuka usije kunililia hapa, mimi sina leso."

Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Sikuchukua nyembamba kwa kutokujua. Ile nene ingebidi niingie jikoni, nilehemu kona tatu. Nyembamba naipitisha kwenye tundu la ukuta, mke wangu Nyamburi anaivuta kwa ndani, anaikunja mwenyewe mpaka kwenye karo la vyombo. Mimi nabaki uani na heshima yangu.

Jana tukafunga hivyo hivyo. Mimi nje: "Vuta!" Akavuta. "Kunja kushoto!" Akakunja. Maji ya mji yalikuwa yamekatika wiki nzima, kwa hiyo nikajaribu kwa kupuliza, mashavu yamejaa kama chura. Hewa ikapita. Nikajisifu, nikaenda zangu kula.

Leo asubuhi nimefika kuangalia, maji yakarudi. Kwa nguvu.

Nikasikia kwanza vigelegele vya mama mkwe. Halafu vigelegele vikageuka kelele. Bomba limepasuka pale Nyamburi alipolikunja. Lilikuwa limebonyea tangu jana, na mtu wa kuuona ubonyevu ule alikuwa uani.

"Fundi wetu yuko wapi?" mama mkwe akapaza sauti.

"Yuko nje, mama."

"Nje anafanya nini, na maji yako ndani?"

Swali zuri.

Koki ya uani ni mbovu, inazunguka tu. Mpaka nimekimbia kufunga ya barabarani, gunia la unga wa muhogo, ugali wa wageni wa Jumapili, limeshakuwa uji. Shemeji Mwita akasimama mlangoni, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shemeji, ziwa umeshatuletea. Samaki wanafika lini?"

Siku nyingine ningemjibu. Leo nimepanda lori kurudi Bunda, juu ya magunia, mvua yote yangu.

Hamadi aliniwekea lile nene mezani, na juu yake leso, imekunjwa vizuri.

Jioni hii nimerudi, nimekuta Nyamburi na ujumbe. Mama anakwenda Bugwema kwa dada yake kesho, anatoka alfajiri, anarudi giza likiingia. Jikoni hakutakuwa na mtu.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Hapana. Anasema ungemwambia Jumatatu, angeondoka Jumatatu."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Wiki nzima nimepindisha bomba kuizunguka heshima, na sikuwahi kuuliza.

Vifaa nimeshafunga kwenye mfuko: elbo tatu, primasi ya kulehemu, msasa. Kesho naingia jikoni kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza maishani.

Nitapiga hodi kwanza. Hata kama hakuna mtu.