Dawa ya Sabato Humezwa Ijumaa

Mtaa wa Oruba,
Migori.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Achieng,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Likoni? Wateja wa kusuka bado wanakushikilia mpaka giza liingie? Na mgongo wako je, umepata nafuu? Mwanao Boaz ameshapata ile kazi ya bandarini? Sisi hapa tunalala na kuamka, tunamshukuru Mungu. Ndugu yako Levis yuko Macalder kwenye mashimo ya dhahabu. Anarudi mwisho wa wiki akiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali, na hiyo dhahabu yenyewe hatujaiona. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio uko juu juu, na sababu ni Mama.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Ukimpigia Mama anakusalimu vizuri, anaulizia watoto wako, anakuombea sala ndefu, nawe ukikata simu unaniona mimi Mkuria mzushi. Sikulaumu. Hata mimi nikiongea naye kwa simu huwa nasema, huyu mbona mzima? Halafu nikifika kwake Sindo nakuta sabuni imechemshwa ndani ya sufuria ya mboga.

Unakumbuka nilikwambia anaanguka kanisani kila Sabato? Wengine walisema ni njaa, wengine wakasema ni uzee. Zahanati walimpima sukari wakakuta imeshuka vibaya, wakaniuliza anameza dawa vipi. Nikawajibu kwa kujiamini kabisa kwamba nampangia mwenyewe kila Jumapili, ya presha na ya sukari, kwenye kile kisanduku chenye vyumba saba, na nikirudi Jumapili nyingine nakikuta kitupu. Nilijiona muuguzi.

Basi mwezi uliopita nilikuwa na mazishi Magunga siku ya Ijumaa, nikapitia kwake jioni bila kumwambia. Nikamkuta kwenye maandalizi. Unamjua mama yako na Ijumaa. Nyumba imefagiliwa, gauni jeupe limepigwa pasi, nyoyo ya mahindi na maharagwe imeiva na kufunikwa, maji yamejaa mtungini. Jua lilikuwa linaelekea ziwani. Mama akavuta kisanduku chake, akafungua chumba cha Ijumaa, akameza. Akafungua cha Sabato, akameza pia.

Nilipiga kelele, wifi. Yeye akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

“Nyathina, mwanangu, kesho ni Sabato. Mimi sifanyangi kazi Sabato. Na dawa ni kazi, ama?”

Kumbe kila Ijumaa alikuwa anameza dawa za siku mbili kwa pamoja, kisha anajifungia na kulala peke yake. Sukari inashuka, na hakuna mtu wa kumgusa aone kama ana jasho. Fikiria hizo Ijumaa zote, mimi niko Migori nimelala usingizi wangu.

Nilimwita mchungaji, akaja akamweleza kwamba kumtibu mgonjwa siku ya Sabato si dhambi. Mama akasema amina, akamshukuru, akampa mkungu wa ndizi. Kufika jioni alikuwa amemsahau mchungaji na ndizi zake. Ijumaa yake hakuisahau. Hilo ndilo linalonitisha. Majina yanamtoka, sura zinamtoka, lakini alichozoea tangu usichana kimeng'ang'ana.

Kisanduku nimekiondoa mle nyumbani. Kiko dukani kwa Kuruthum, yule mama wa vitenge karibu na soko, naye humpelekea dawa kila siku. Cha ajabu, hata Sabato Mama anazipokea kwake. “Wewe ni Mwislamu,” anamwambia, “leo si siku yako. Wewe fanya tu kazi.” Tulicheka mpaka machozi. Lakini mwisho wa mwezi huu Kuruthum anaenda Kisumu kwa binti yake Shamima, anayekaribia kujifungua, na hajui atarudi lini. Yeye si ndugu yetu, wifi. Ametusitiri vya kutosha.

Utasema, Susana, si uende ukae naye? Nilijaribu. Saa ya kulala ilipofika, Mama akanionyesha mlango. Mke wa mwanawe halali chini ya paa lake, na Levis hajasimamisha hata nguzo moja hapo dala, kwenye boma la kwao. Akasema nitawaletea watoto chira, ule mkosi unaomfuata mtu aliyevunja mwiko. Mchungaji akihubiri kwamba chira ni giza, Mama anaitikia amina kuliko kanisa zima, halafu anakuja kunifungia mlango! Nililala kwa Kuruthum. Na kumleta huku Migori ndiyo kabisa hataki kusikia, mama alale nyumbani kwa mwanawe! Levis anaahidi kwamba atajenga. Ndugu yako unamjua na ahadi zake.

Juzi Ijumaa Kuruthum alikuwa na wageni, nikaenda mimi na dawa. Mama akanishika mashavu kwa mikono miwili. “Achieng, umekuja!” Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Akanitandikia kile kitanda chako cha pembeni, akanipa blanketi. Nikampa dawa ya siku hiyo tu, akameza, akalala. Nami nikalala mle ndani kwa jina lako. Sikupata usingizi. Nilikuwa nasikiliza anavyopumua, huku nikiogopa asije akaamka akanitambua.

Wewe ni binti, una ruhusa ya kulala pale. Mimi sina, na siwezi kuwa wewe kila Ijumaa. Nakuomba uje ukae naye, hata kama ni mpaka nyumba ya Levis iezekwe tu. Kibanda chako binti yako Linet anaweza kukishika, tena yeye husema anasuka kukushinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha vya kutosha kwa kuambiana kwamba Mama ni mzima. Naogopa, Achieng. Naogopa kila simu inayolia Jumamosi asubuhi.

Watoto wanakusalimu sana shangazi yao. Levis naye anakusalimu, na Kuruthum pia. Wasalimie Boaz na Linet. Mungu akulinde, akulainishie safari.

Lakini acha nikwambie la jana. Wakati wa ushuhuda Mama alisimama mwenyewe, wala hakuyumba. Akamshukuru Mungu kwamba binti yake Achieng ameacha kazi Mombasa, amerudi nyumbani, na anampa dawa kwa mkono wake. Mimi nimeketi kando yake, wote wananijua mimi ni nani, na hakuna aliyemsahihisha. Kanisa zima likasema amina. Njoo, wifi, usimfanye mama yako mwongo mbele za Mungu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Susana Nyamhanga