Kanga Isiyo na Jina

Usagara, Tanga
29 Aprili 2024

Kwako Uweso wangu, mume wangu wa siku kumi,

Assalaam alaikum. Mwili wangu mzima, roho usiiulize. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimepungua? Unakula nini huko Mkwaja, na nani anakupikia, na ana umri gani?

Tangu uondoke situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka nafagia, nikimaliza kufagia nafungua kabati nanusa shati lako la harusi. Bi Mastura mwenye nyumba ananicheka. Jana kaniambia mbele ya wapangaji wote, "Wewe Sabra, bwana harusi gani huyu anayekimbia fungate siku ya tano akakumbatie zege?"

Nikamwambia, "Shikamoo, Bi Mastura. Darasa la watoto haliwezi kungoja."

"Marahaba," akasema. "Na wewe unaweza?"

Nilichukua ufagio, mume wangu. Nikaenda kufagia tena.

Simu sizitaki. Ile ya juzi, umesimama juu ya lundo la kokoto ndipo mtandao ushike, nilisikia "haloo" kumi na nne na "nakupenda" nusu. Afadhali barua. Sele, kondakta wa basi la huko, amekubali kuwa posta yetu.

Niambie habari za ule mchoro wa shindano. Ulinieleza usiku wa harusi, lakini usiku ule, wallahi, sikuwa nasikiliza habari za majengo.

Mkeo anayekuhesabia siku,
Sabra

*

Mkwaja
2 Mei 2024

Mke wangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano niliinusa tu. Kikohozi kimeondoka. Anayenipikia ni mzee Sadalla, mlinzi wa shule, ana miaka sabini na ugali wake una mabonge. Roho yako itulie. Ukuta wa darasa umefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Shindano lenyewe ndilo hili. Ushirika wa wauza samaki wa hapa unataka kujenga soko: ukumbi wa mnada, na mahali pa wanawake wanaokaanga samaki. Wasanifu tumeitwa tulete michoro na maelezo. Miaka mitano nimechora nyumba za watu kwa jina la bosi, Sabra. Hii ni mara ya kwanza nashindana kwa jina langu. Na jina lenyewe halitakiwi kuonekana! Kila kazi inapewa namba, majina yanafungiwa kwenye bahasha ndogo, kamati haifungui mpaka ichague mshindi.

Kazi zinapokelewa Tanga mjini, Ijumaa tarehe 17, mwisho saa nne asubuhi. Matokeo tarehe 28. Ile kampuni ya Dodoma inayonipa kazi nayo inataka jibu langu kabla ya tarehe 31.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Nikishinda, nitasimamia ujenzi hapa mwaka mzima na zaidi, na wewe utakuja tukae nyumba moja kama watu waliooana. Nikishindwa, ni Dodoma miaka miwili, chumba kimoja na mafundi watatu, na wewe kwa Bi Mastura. Nikifikiri hivyo kalamu inanitoka mkononi.

Nakutumia mchoro wa kwanza na maelezo yake. Nisifu, nahitaji kusifiwa.

Mumeo asiyetulia,
Uweso

*

Usagara
6 Mei 2024

Laazizi wangu,

Salaam nyingi, tena nyingi. Sote wazima, isipokuwa Bi Mastura ana maumivu ya shingo, na sababu utaisoma.

Mchoro ni mzuri! Mzuri, mzuri, mzuri! Paa lile kama bawa la ndege nimelionyesha nyumba nzima. Nililiweka chini ya mto wangu usiku mmoja, usinicheke.

Sasa nimekusifu. Nikae nikwambie mengine? Mimi nimeishia kidato cha nne, usanifu siujui. Lakini mama yangu amekaanga samaki Sahare tangu sijazaliwa, na mimi nimekulia kando ya karai.

Jiko umeliweka upande wa kusi. Upepo wa kusi ukivuma, moshi wote utaingia ukumbini, wateja watakohoa kuliko wewe. Lipeleke nyuma, upande wa bara. Kusi ikija, kaskazi ikija, moshi utaelekea mashambani.

Kaunta za kusimama umewachorea nani? Mkaanga samaki hukaa kigodani, miguu kanyoosha, karai mbele yake, sura yake iko usawa wa goti la mteja. Ukimficha nyuma ya kaunta humuoni.

Na mlango. Mwanamke haingii sokoni peke yake, mpenzi, anaingia na beseni. Nilimwomba Bi Mastura ajitwishe beseni limejaa viazi badala ya samaki, mkono mmoja juu ameshika, nikampima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Kutoka sakafuni hadi kiazi cha juu ni sentimita mia mbili na tano. Mlango wako una mia mbili! Na wanapishana wawili, anayeingia na anayetoka, kila mmoja kiwiko nje. Bi Mastura akalia, "Nimezeeka mpaka napimwa kama kizingiti!"

La mwisho, usinune. Maelezo yako yanasema "jengo litakidhi mahitaji ya wadau wa sekta ya uvuvi." Nani huyo mdau? Ana jina? Ana beseni? Waandikie nani anaingia asubuhi, anashika nini, anakaa wapi. Mimi ulivyonichumbia hukuniambia utakidhi mahitaji yangu. Uliniambia unataka kuisikia sauti yangu kabla hujafungua macho.

Umenuna? Jibu upesi, sitalala.

Mkeo mwenye mdomo,
Sabra

*

Mkwaja
12 Mei 2024

Sabra, mke wangu, msanifu wangu,

Salaam aleikum. Nilinuna kutoka saa saba mpaka saa tisa. Kisha nikafuta kila kitu.

Jiko limekwenda bara. Kaunta zimeondoka, nimechora sakafu iliyoinuliwa kidogo yenye shimo la karai, mkaanga akae na mteja amuone. Na maelezo sasa yanaanza hivi: "Mlango huu umepimwa kwa mwanamke mwenye beseni kichwani." Nimeandika sentensi ile nikasimama nikaizunguka meza mara tatu.

Flashi ina ramani zote, umpelekee Ibrahimu wa steshenari azichape na kuzibandika kwenye mbao mbili. Kwenye bomba la plastiki kuna picha ya soko niliyoichora kwa mkono, kwa wino, ile karatasi inayopitisha mwanga. Itazame vizuri, kuna kitu chako ndani. Ibandikwe katikati. Siwezi kuja, tunamwaga zege la lenta kuanzia Jumatano. Na simu yangu imetumbukia kwenye pipa la maji ya zege, imekufa. Kila kitu kiko mikononi mwako.

Kabla ya saa nne, Sabra. Saa nne na dakika moja hawapokei.

Mumeo,
Uweso

*

Usagara
17 Mei 2024, baada ya swala ya Ijumaa

Uweso wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na lenta imekauka. Kazi imepokelewa saa tatu na robo, namba yetu ni kumi na tisa. Ngoja nikupe yote, kwa sababu nimefanya jambo bila ruhusa yako.

Jana mchana kwa Ibrahimu nilikunjua ile picha. Nikamuona mwanamke ameketi kigodani mbele ya karai, anacheka, ana mwanya. Mwanya wangu! Nikapiga kelele dukani. Halafu nikaona kanga yake, na mahali panapoandikwa jina la kanga umeandika, kwa herufi ndogo kama sisimizi, "Sabra wangu wa Usagara."

Uweso, hakuna mtu aliyewahi kuniandika popote ila kwenye daftari la mahudhurio. Nililia. Ibrahimu akaniletea soda.

Kisha nikachukua yale masharti ya shindano nihakikishe hatujasahau kitu. Sharti la sita: kazi yoyote yenye jina, saini au alama ya kumtambulisha mwenyewe itaondolewa bila kusomwa.

Nikamuonyesha Ibrahimu. Akasema, "Si jina lake. Ni lako."

"Nimeolewa naye juzi, Ibrahimu. Langu na lake limekuwa moja."

"Kwani nani anamjua Sabra?"

"Bi Mastura alialika watu mia tatu harusini! Mji mzima unamjua Sabra na unajua Sabra kaolewa na nani!"

Mimi nikakaa kwenye kile kiti chake kibovu, nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Sikuwa na njia ya kukuuliza. Basi lilikuwa limeshaondoka. Nikajiambia labda hawataona, herufi ndogo kiasi kile. Nilitaka wasione, Uweso. Nilitaka jina libaki. Halafu nikafikiria Dodoma.

Nikamwambia, "Nipe wembe."

Nilikwangua herufi moja moja, taratibu, kama unavyokwangua magamba ya samaki mdogo usiipasue ngozi. Nilianza na "Usagara." Nikaliacha "Sabra" mwisho. Wino umetoka, lakini karatasi imechubuka, pamebaki kipande cheupe kidogo chenye manyoya. Mwanamke wako sasa amevaa kanga isiyo na jina.

Kama nimeiharibu picha, niambie. Kama umekasirika, niambie pia, ila usikae kimya.

Mkeo,
Sabra

*

Usagara
29 Mei 2024

Mume wangu,

Salaam. Hujambo?

Siku kumi na mbili. Sele anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaondoka bila neno. Halafu mvua ikakata barabara siku nne. Jana ilikuwa tarehe ya matokeo. Nilikwenda kule mjini kuuliza, wakasema kamati imechelewa kwa ajili ya mvua, hawajui mpaka lini. Na Dodoma wanataka jibu keshokutwa.

Nimefua mapazia mara mbili. Nimehamisha kitanda upande wa dirisha, nikakirudisha. Bi Mastura hanitanii tena, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Ukienda Dodoma, pitia nyumbani kwanza.

Mkeo bado,
Sabra

*

Mkwaja
12 Juni 2024

Sabra wangu,

Assalaam alaikum. Natumaini u mzima, na natumaini utaisoma barua hii mpaka mwisho kabla ya kunirushia kitu.

Sikukasirika. Niliona aibu. Miaka yote najigamba kwamba nasoma masharti kuliko mtu yeyote, nikayasahau kwa sababu nilikuwa nachora mwanya wako. Nimekuandikia barua tatu nikazichana. Kila moja niliianza kwa kujitetea.

Halafu tarehe 30 nilikwenda kwa baiskeli mpaka kwenye simu ya mwalimu mkuu niwajibu Dodoma. Nilikuwa nimeshapanga kusema ndiyo. Matokeo hayapo, mke ninaye, mtu mwenye akili husema ndiyo. Nikashika simu nikakumbuka umeliacha "Sabra" mwisho. Mtu aliyelikwangua jina lake mwenyewe ili alale na mimi nyumba moja, nimwambie akae kwa Bi Mastura miaka miwili? Nikawaambia hapana. Nikashindwa kukuandikia hilo pia. Ningekuambiaje kwamba nimeitupa kazi iliyopo kwa ajili ya kazi isiyopo?

Jana kamati ilikuja. Wakatundika michoro yote kwenye darasa letu jipya, rangi haijakauka, wakaita kijiji kizima. Mwenyekiti ni msanifu mmoja mama, anaitwa Benedikta, hacheki ovyo. Akasema kazi mbili zimeondolewa bila kusomwa, moja ilikuwa na saini, nyingine ina herufi za jina kwenye kona. Nikaitafuta picha yako ukutani kwa macho.

Kisha akasoma kwa sauti, "Mlango huu umepimwa kwa mwanamke mwenye beseni kichwani." Darasa lote likapiga vigelegele. Mama mmoja wa ushirika akatoka nje, akarudi na beseni lake kichwani, akasimama kando ya mchoro. "Huu ndio mlango," akasema. "Huyu aliyechora amefundishwa na mtu."

Wakafungua bahasha ndogo. Namba kumi na tisa.

Tumeshinda, Sabra.

Nilipokwenda mbele, Benedikta akaweka kidole juu ya kanga ya yule mwanamke. "Hapa palikuwa na nini?"

Nikasema, "Jina la mke wangu."

"Nani alilitoa?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi huyo aje pia," akasema. "Nataka kumuona."

Picha wamenirudishia. Ipo ukutani mbele yangu, na kila nikipita nagusa kile kipande chenye manyoya. Kalamu ninayo mkononi. Niruhusu nilirudishe jina lako mahali pake.

Nyumba nimeshapata, vyumba viwili, kando ya shule. Jiko liko nyuma, upande wa bara.

Mumeo,
Uweso

*

Ndani ya basi la Mkwaja
14 Juni 2024, saa mbili asubuhi

Uweso, Uweso, Uweso,

Hujambo? Unaendeleaje? Usijibu, nitaona mwenyewe.

Sikukurushia kitu. Nilimrukia Bi Mastura, tukaanguka wote wawili juu ya viazi. Amelia, amenipa udi, amenipa na lile beseni, anasema limeingia kwenye historia. Nimelipakata sasa hivi, na mwandiko huu umepinda kwa sababu naandikia juu ya kitako chake. Sele anauliza, "Shemeji, leo huna barua ya kutuma?" Nimemwambia ninayo, ila leo naipeleka mwenyewe.

Idi tutaila pamoja. Sadalla umwambie ugali wa leo asisonge.

Na ile kalamu iweke chini. Usiliandike. Paache vilevile, peupe, penye manyoya. Nakuja uniite kwa jina.

Mkeo,
Sabra