Viatu vya Mlangoni

Mwanangu kipenzi,

Sisi huku wazima, na cherehani yangu haijanigomea. Hayo uliyosikia kuhusu wizi mtaani kwetu wameyatia chumvi kidogo; majirani bado tunaachiana funguo.

Tangu baba yako afariki, kila jioni naweka viatu vyake nje ya mlango, ili wezi wadhani kuna mwanamume ndani. Basi juzi wameiba viatu vyenyewe. Jirani yetu kinyozi alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye. Nilipoingia ndani peke yangu ndipo machozi yaliponitoka.

Nitumie jozi yako kuukuu, baba, niiweke palepale. Ila ukipata nafasi, ilete mwenyewe ukiwa umeivaa.

Mama yako,
mlango uleule