Sauti Katika Ukumbi wa Washonaji

Kinondoni,
Dar es Salaam.
Ijumaa, 11 Oktoba 1974

Dada yangu Mwaija,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na watoto na majirani wote wa hapo mtaani, na funga isiwe imekulemea kwa joto hili. Goti lako je, bado linakusumbua ukitoka kusali tarawehe? Mimi mwili wangu mzima, nafunga na kufuturu salama, na mke wangu Fatu mzima pia. Ukiniuliza ya moyo, hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu tangu alfajiri, na hii ni karatasi ya nne. Tatu za mwanzo nimezichana.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umenieleza kwamba binti yako Mina ameshikilia shauri lake, kwamba keshokutwa Jumapili anakwenda Kaole kwa wazazi wa marehemu Dija kuwapigia magoti na kuwaomba radhi, maana hataki kuingia Idi na roho ya mtu shingoni. Umesema umeridhia, na umeshamtengea sukari na mchele asiende mikono mitupu. Umesema pia kwamba watu wa Mtoro aliyemposa Mina hawajatia mguu kwako tangu walipovunja uchumba, na kwamba siku nyingine hasira ikikupanda unamwambia mtoto maneno ambayo baadaye yanakukosesha usingizi. Dada, nakuomba, Mina akae hapo hapo karibu nawe, na usimruhusu kutoka hadi barua iishe.

Nitaanza mwanzo, kwa sababu habari za moto ule zimekufikia vipande vipande, na vingine nimekuletea mimi mwenyewe vikiwa si vizima.

Kiwanda chetu cha magodoro umekipita mara nyingi kwenye njia ya kuja mjini, ila ndani hujawahi kuingia. Kina kumbi tatu, moja juu ya nyingine. Chini ni mashine za kuchambua sufi inayokuja kwa magunia kutoka Mkange na Msata, katikati ndiko magodoro yanakojazwa, na juu kabisa wanakaa akina mama washonaji. Sufi, unaijua, ikiguswa na cheche haina subira. Mwaka 1972 ulitokea moto mdogo kule chini, kikapigwa king'ora. Sasa king'ora chenyewe ni kile kile cha kuingilia kazini na cha kwenda kula. Watu wa juu wakadhani mchana umewahi kufika, wakachukua vibakuli vyao wakashuka kwa ngazi za mbele, wakakutana na moshi uso kwa uso. Hakufa mtu, lakini wengi walikanyagana wakaumia.

Ndipo meneja wetu, Bwana Alawi, akaagiza mtambo wa kusemea watu badala ya kuwapigia filimbi tu. Niliufunga mimi, wiki sita nzima, na sifichi kwamba niliringa. Niliweka kabati la chuma katika chumba kidogo karibu na lango, pamoja na maikrofoni yake na betri mbili za lori ili umeme ukikatika sauti isikatike. Kila ukumbi niliupa waya wake na spika zake, na swichi yake mbele ya kabati yenye taa nyekundu. Maana ya kutenganisha ilikuwa hii: moto ukiwa chini, watu wa juu waambiwe wao peke yao kwamba wasipite ngazi za mbele, wapite za nyuma, na wasichanganywe na maneno ya wenzao.

Akatakiwa mtu wa kusoma. Wewe ulikuwa umeniandikia kwamba Mina amemaliza shule na anakaa bure, nami nikamkumbuka anavyosoma maulidi, sauti yake ikija hadi barazani kwa wanaume kila neno likiwa mahali pake. Nikampeleka kwa Bwana Alawi akapokewa siku hiyo hiyo. Nilimfundisha kusoma polepole, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikii maneno ya haraka, na kila baada ya sentensi ahesabu tatu kimoyomoyo. Alinikera jambo moja tu. Alitaka kuanza na shikamoo, akasema hawezi kuwaamrisha wazee watoke bila kuwaamkia, mama yake hakumlea hivyo. Nikamwambia moto hausubiri marahaba. Tulicheka sana siku ile.

Mtambo wenyewe ilibidi ujaribiwe kila asubuhi saa moja na nusu, kabla mashine hazijaanza kunguruma. Mina alikuwa akiingia saa mbili, kwa hiyo sauti ya majaribio ilikuwa yangu. Nilikuwa nawasha kumbi zote na kusema kama ilivyoandikwa kwenye kadi: kuna moto, acheni kazi, tokeni nje, tokeni nje haraka. Kisha naandika kwenye daftari la majaribio kwamba kumbi zote zimesikika, natia sahihi.

Sasa unajua nani alikuwa msimamizi wa washonaji kule juu. Mama yake Fatu. Wewe ndiye uliyenipelekea posa nyumbani kwake, unajua mambo ya ukwe yalivyo kwetu. Jina lake silitamki, sinywi maji mbele yake, na tukikutana njiani mimi ndiye ninayepinda. Hata nikiwa na kazi ya kurekebisha taa katika ukumbi wake, nilikuwa natuma mtu kwanza ili yeye ahamie upande wa madirishani anipe mgongo. Mtu kama huyo, kila asubuhi mkwewe anamngurumia juu ya kichwa kwamba atoke nje. Wenzake hawakumwacha. Walikuwa wakimwambia haya bibi, mkweo anakufukuza, funga mzigo, naye anajitanda khanga usoni mpaka nimalize. Mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Ila Fatu aliniambia kwamba mama yake siku hizi chai ya asubuhi haimpiti kooni, na aliponiambia hivyo nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba Bwana Alawi kazi ya majaribio apewe mtu mwingine. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema mtambo haushikwi na mtu ila fundi, na kwamba mambo ya ukwe niyaache getini. Hiyo ilikuwa Agosti mwaka jana.

Moto wenyewe ulitokea Jumanne, tarehe 19 Machi, saa tano asubuhi. Ulianzia chini kwenye mashine ya pili. Nilikimbilia chumba cha kabati, nikamkuta Mina ameshakaa, kadi mkononi. Ukumbi wa chini na wa katikati wote walitoka salama, hakuungua hata mtu mmoja. Wa juu ndio waliochelewa. Walikuja kugundua moshi ulipoanza kupenya sakafuni, wakafanya walilolizoea, wakashuka kwa ngazi za mbele. Wengi walitoka wakikohoa. Dija hakutoka kwa miguu yake. Alibebwa, akafikishwa hospitali, na siku ya pili akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyekuwa akiwapelekea wazazi wake Kaole chochote walichokuwa nacho.

Kamati iliyoundwa ilikaa siku tatu. Washonaji wote walisema kitu kimoja, kwamba hawakusikia sauti yoyote siku ile. Mama yake Fatu aliulizwa kama majaribio ya asubuhi huwa yanasikika katika ukumbi wake. Akajibu kwa niaba ya wote kwamba yanasikika, na wenzake wakainamisha vichwa. Kisha kamati ikaja kuujaribu mtambo mbele yangu, na kumbi zote tatu zikasikika vizuri kabisa. Wakalisoma na daftari, sahihi yangu ipo kila siku. Ikabaki sababu moja tu, kwamba binti alishikwa na hofu akausahau ukumbi wa tatu. Wakamwachisha kazi, wakaandika neno uzembe.

Dada, hapa ndipo nilipozichana zile karatasi tatu.

Mina aliusoma ukumbi wa tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimsikia kwa masikio yangu. Alianza nao, kama nilivyomfundisha, akausoma mara tatu, na baina ya sentensi alihesabu. Sauti yake haikutetemeka. Alibonyeza swichi yake, taa nyekundu ikawaka, na hakuna kitu hata kimoja alichokosea.

Aliyekosea ni mimi. Bwana Alawi aliponikatalia, nilifungua kabati nikatia swichi nyingine ndogo kwa ndani, nyuma, mahali ambapo hakuna ajuaye kuitazama, kwenye waya wa ukumbi wa juu. Kila asubuhi nilikuwa naizima kwanza, nafanya majaribio, mama yake Fatu anakunywa chai yake kwa amani, kisha naiwasha tena. Daftarini nilikuwa naandika kumbi zote zimesikika. Asubuhi ile ya tarehe 19 niliizima kama kawaida, na kabla sijairudisha nikaitwa mbio kwa sababu fyuzi za mashine za chini zilikuwa zimekatika. Nilipomaliza kazi ile nilikwenda kunawa mikono. Sikurudi kabatini.

Niliikumbuka saa tisa alasiri, moto umeshazimwa na Dija ameshapelekwa hospitali. Nilifungua kabati nikaiona swichi ile bado imezimwa, imelala chini. Dada, hapo nilikuwa bado naweza kuwa mtu. Ningeweza kuiacha ilivyo na kumwita Bwana Alawi aje aone. Niliinyanyua kwa kidole, nikafunga kabati. Ndiyo maana kamati ilipokuja kujaribu, kila kitu kilisikika. Baada ya wiki niliing'oa kabisa nikaitupa.

Mama yake Fatu nadhani anajua. Miezi yote ile hakuisikia sauti yangu asubuhi, na mbele ya kamati alisema anaisikia. Alimkinga mkwewe, nami nilimwacha aseme uongo mtu mzima wa umri ule, mwenye tasbihi mkononi. Hatujawahi kulizungumza, na kwa heshima tuliyopeana sidhani kama tungeweza.

Lakini linaloniua si hilo. Siku nilipomrudisha Mina Bagamoyo, unakumbuka tulifika jioni na hakutaka kula. Ndani ya basi, tulipokuwa tumevuka Mto Mpiji, alinigeukia akaniuliza mjomba, wewe ulikuwepo, niliusoma ukumbi wa tatu au sikuusoma? Alisema yeye anakumbuka ameusoma, ila watu wazima wote wanasema hakuusoma, na sasa akifumba macho haoni tena kama aliusoma. Alikuwa akiniomba mimi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine chumbani mle. Nikamwambia kwamba hofu humsahaulisha mtu yeyote, na asijilaumu sana. Akaitikia ndiyo mjomba, akanishukuru. Tangu siku ile aliacha kubisha. Nilimnyang'anya mtoto hata alichokiona kwa macho yake, nikamrudisha kwako akiamini ameua.

Nimeishi na hayo miezi saba. Kila nilipotaka kusema nilijitafutia sababu, mara kazi, mara jina la Fatu, mara kwamba Dija hatarudi hata nikisema. Barua yako imenikatia njia zote. Siwezi kuvumilia Mina apige magoti Kaole kwa ajili yangu.

Jana nilimwambia Fatu yote. Hakunigombeza. Alimaliza kukuna nazi ya futari, akanawa, akatoa nguo zake kwenye sanduku, akaenda kwa mama yake, na sijui kama atarudi. Leo asubuhi niliiweka kalamu kwanza, nikampelekea Bwana Alawi maelezo kwa maandishi, na nakala nimeipeleka kituo cha polisi. Ofisa aliyeipokea ameisoma mara mbili, ameniambia niripoti Jumatatu na nisitoke mkoani isipokuwa kwa safari hiyo moja niliyomweleza. Kesho Jumamosi basi la kwanza nitateremka Kaole. Nitakwenda kwa wazazi wa Dija, niwaambie mtoto wao alikufa kwa kazi ya mkono wangu. Watakalonifanyia ni haki yao. Nimeogopa kuja kwako kwanza, kwa sababu nikiuona uso wako najijua, ningetunga uongo mwingine. Barua hii nimempa Mwinyijuma, dereva wa basi la jioni, aitie mkononi mwako leo hii usiku ukiingia.

Kwa hiyo Mina asiende Kaole Jumapili. Sukari na mchele pikieni Idi. Na maneno yale uliyomwambia kwa hasira, ambayo umeniandikia kwamba yanakukosesha usingizi, yote hayo yalikuwa ya kwangu. Mwondolee, unihifadhie mimi.

Nisalimie majirani, hasa bibi wa nyumba ya pili ambaye huuliza kila mara kama nimeshapata mtoto. Wasalimie wadogo zake Mina. Waambie mjomba ana safari, Idi hii hataonekana. Sikuombi unijibu, wala sikuombi radhi kwa barua, maana jambo hili halitoshi kuombewa radhi kwa karatasi.

Mina, najua mama yako hasomi bila miwani na miwani ilivunjika, kwa hiyo wewe ndiye unayemsomea haya. Kule kwenye basi uliniuliza swali. Jibu lake ni kwamba uliusoma, mwanangu. Uliusoma mara tatu.

Ni mimi ndugu yako, na mjomba wake,
Pazi