Kifaa cha Kati Kiko Kabatini Kwangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nimesimama maana kukaa nimeshindwa, mimi ni Rhobi wa Makoko, mke wa pili, boma letu lina nyumba tatu zimefuatana, ya mbele ya mama mkwe ambako waya wa intaneti umeingilia, ya kati ya mke mwenzangu Nyangi, ya nyuma yangu, na nasoma stashahada ya ukutubi kwa mtandao, mtihani ni mwisho wa mwezi, mbele ya kamera, ukikatika mara mbili umefeli, sasa mume wetu Wambura, anafanya kazi Bunda anarudiga Jumamosi, akanunua vifaa vitatu vya WiFi vinavyopokezana mtandao nyumba hadi nyumba, fundi Jofrey akasema, “Shemeji, cha kati kikae kwa bi mkubwa, ukiruka pale umepoteza,” lakini mimi na Nyangi hatusalimiani tangu Pasaka, nikapige hodi kwa yule nianze kuomba, hapana, nikaweka viwili kwangu, kimoja sebuleni nimekifunika kitambaa cha kufuma kisishike vumbi, kingine kabatini, na mtandao nikaupa jina “Nunua Yako” ili auone kila akishika simu, kumbe haufiki, juzi mtihani wa majaribio umekatika mara nne, Wambura akauliza kwa nini cha kati hakipo kwa Nyangi, mdomo ukanitoka, “Amekataa,” na sikuwahi kumwomba, akampigia simu akamfokea watoto wakisikia, tangu hapo nikimwona uani anafua narudi ndani nafunga mlango, je, ninunue kifaa chenye nguvu zaidi?

Jibu la Mshauri

Hapana, Rhobi. Simika mnara mzima uani, bado utaniandikia umesimama.

Nakuhurumia. Kusoma huku una ndoa na boma la kuangalia ni kazi ya kweli. Lakini huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu umemsingizia mwanamke ambaye kosa lake ni kuwa na nyumba mahali unapopahitaji. Umeletewa vifaa ambavyo kazi yake yote ni kupokezana, na jambo la kwanza ulilofanya ni kumruka mtu! Na wewe Wambura, najua utasoma: mume gani anasikiliza mke mmoja kisha anamfokea mwingine kwa simu? Bunda siyo Ulaya. Ungepanda gari ukaja kuuliza.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie Wambura umwambie, “Sikumwomba. Nilikudanganya.” Usizunguke, usianze kwa kulia. Amwombe Nyangi radhi watoto wale wale wakisikia. Kisha nenda kwa Nyangi mwenyewe, mikono mitupu. Ukibeba kifaa atasema umefuata mtihani wako, na atakuwa sahihi. Omba msamaha, uondoke.

Siku akikubali, ndipo kifaa kiende: juu, karibu na dirisha linalotazama kwako, bila kitambaa, maana kinapata joto. Yeye na wanawe wapewe neno la siri, watumie kama wewe. Na lile jina la kejeli lifute kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Akikataa? Ana haki, na usinung'unike. Beba kompyuta yako ukafanyie mtihani kwa mama mkwe, ambako waya umeingilia. Ni hatua chache tu, na hukuziona kwa sababu macho yako yote yalikuwa kwenye nyumba ya kati.

Kwa hiyo mahali pa mtihani unapo tangu mwanzo. Nyangi ndiye hana pa kwenda kusafisha jina lake, mpaka wewe ufungue mdomo.